Namna ya kumpima kwotabeki mkongwe anayeogopa kurusha mbali

Ni futiboli ya Marekani, ambako timu ina majaribio manne, yaani dauni, ya kusogeza mpira yadi 10. Dauni ya 3, zimebaki yadi 9, timu yako iko nyuma kwa pointi 4. Kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza ushambuliaji, mwenye miaka 36 anapokea mpira, anatupa jicho mbele kwa sekunde moja na nusu, kisha anamwachia mkimbiaji aliyesimama yadi 2 tu kutoka mstari wa kuanzia. Mkimbiaji anajikongoja yadi 4 na kuangushwa. Panti: mpira unapigwa mbali, wapinzani wanaupokea, zamu imekwisha. Kwenye takwimu mkongwe amekamilisha pasi. Shabiki ameshika kichwa.

Hasira hiyo ina haki yake mara nyingi, ila si kila mara. Pasi fupi inaweza kuwa uoga wa mchezaji, lakini pia inaweza kuwa mpango wa kocha, ulinzi uliofunga njia zote, safu ya mbele inayovuja, au mkono ambao umri umeudhoofisha. Kwa macho ya kawaida vyote vinafanana. Ili kuvitenganisha unahitaji daftari, saa ya simu inayohesabu sekunde, marudio ya mechi, na uvumilivu wa kutazama mchezo mmoja mara tatu.

Weka pembeni asilimia ya pasi zilizokamilika

Hii ndiyo namba ambayo mkongwe mwoga hujifichia, na watangazaji huisoma kila robo. Pasi ya yadi 2 kwenye dauni ya 3 na yadi 9 inahesabiwa sawasawa na pasi ya yadi 20 katikati ya mabeki wawili.

Alama rasmi ya kwotabeki katika NFL (ligi kuu ya mchezo huu Marekani), ile inayofikia 158.3 ikiwa kamili, haisaidii sana. Imejengwa kwa sehemu nne zenye uzito sawa: asilimia ya pasi zilizokamilika, yadi kwa kila pasi, asilimia ya pasi za tachdauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na asilimia ya pasi zilizonaswa na wapinzani. Mbili kati ya hizo humzawadia anayerusha fupi. Piga hesabu mwenyewe. Kwotabeki A anarusha pasi 30, anakamilisha 24, anapata yadi 180, tachdauni 1, hakuna iliyonaswa. Alama yake ni 102.8. Kwotabeki B anarusha 30, anakamilisha 17, yadi 245, tachdauni 2, moja inanaswa. Alama yake ni 91.7. Ukisoma gazeti tu, A ni bora kwa mbali.

Sasa tumia hesabu ya yadi zilizorekebishwa: chukua yadi zote za pasi, ongeza 20 kwa kila tachdauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa yadi zilizopotea alipoangushwa na mpira mkononi, kisha gawanya kwa jumla ya pasi na mara alizoangushwa. Tuseme A aliangushwa mara 1 kwa hasara ya yadi 7, na B mara 3 kwa hasara ya yadi 20. A anapata 6.23, B anapata 6.67. Mpangilio umepinduka, ingawa B ametozwa faini kwa kila kosa lake. Hii ndiyo namba ya kwenda nayo kwenye ubishi, na tovuti kubwa za takwimu za NFL huiweka tayari kwa kila mchezaji.

Pima kutoka mstari wa njano

Umbali wa pasi peke yake haukuambii kitu. Yadi 4 kwenye dauni ya 2 na yadi 3 ni kazi nzuri. Yadi 4 kwenye dauni ya 3 na yadi 9 ni kujisalimisha kwa heshima. Kinachotakiwa ni tofauti kati ya mahali mpira ulipopokelewa na mstari wa dauni ya kwanza, ule wa njano unaochorwa kwenye runinga. (Mstari huo ni mchoro wa watangazaji, si wa waamuzi, kwa hiyo nusu yadi huku au kule usiigombanie.)

Uwanja una mistari kila yadi 5 na vialama vidogo kila yadi 1, hivyo kukadiria si kazi. Simamisha video mpira unapogusa mikono ya mpokeaji, hesabu kutoka mstari wa kuanzia. Zikipokelewa yadi 3 na zilihitajika 9, andika −6. Zikipokelewa yadi 12, andika +3. Yadi anazokimbia mpokeaji baada ya kushika usizichanganye humo. Hizo ni jasho lake yeye.

Asiyetaka kuhesabu kwa mkono atapata wastani wa aina hii bure kwenye Next Gen Stats, kitengo cha NFL kinachotumia vihisio vilivyofungwa kwenye pedi za mabega na ndani ya mpira. Angalia safu tatu: yadi za hewani dhidi ya mstari wa dauni ya kwanza, wastani wa sekunde hadi kurusha, na asilimia ya pasi zilizorushwa palipobana, yaani beki akiwa ndani ya yadi 1 ya mpokeaji. Kasoro yake ni kwamba wastani huo unachanganya dauni zote. Kwotabeki anaweza kurusha ndefu kwenye dauni ya 1 wakati hakuna cha kupoteza, kisha akajikunyata kwenye dauni ya 3. Ndiyo maana daftari bado lina kazi.

Daftari lenyewe

Usiandike kila pasi, utachoka kabla ya mapumziko. Andika za aina mbili tu: dauni ya 3 zikibaki yadi 6 au zaidi, na pasi zote za robo ya mwisho timu ikiwa nyuma. Kwa kila moja jaza mambo haya:

1. Dauni, yadi zilizobaki, na mahali uwanjani.
2. Sekunde tangu mpira uanzishwe hadi utoke mkononi. Pasi ya haraka hutoka karibu sekunde 2. Inayosubiri njia ndefu ifunguke huhitaji 2.7 hadi 3.
3. Presha: ndiyo au hapana. Ndiyo ni pale mpinzani yuko ndani ya yadi 2 za kwotabeki, au kwotabeki amelazimika kuhama kabla ya sekunde 2.5.
4. Macho yalianzia wapi.
5. Tofauti na mstari wa njano.
6. Je, kulikuwa na mtu wazi mbele ya mstari huo?

Namba 4 ndiyo inayowapita wengi. Pasi fupi iliyopangwa na kocha huonekana: bega la kwotabeki linageuka mara moja, hatazami mbele hata kidogo, au watu wawili watatu wa safu ya mbele wanatoka mbio kumsafishia njia mpokeaji. Hiyo ni skrini. Ukitaka kulalamika, lalamikia benchi. Chekidauni, yaani pasi ya akiba kwa mkimbiaji aliyeko karibu, ina sura nyingine: kichwa kinatazama mbali, kinahamia mtu wa pili, halafu kinashuka chini. Macho yakishuka kabla ya mtu wa pili, na hakuna presha, weka alama ya mshangao.

Namba 6 ndiyo ngumu, na hapa mashabiki hujidanganya kwa namna mbili. Kwanza, kamera ya kawaida ya runinga haiwaonyeshi wapokeaji walioenda mbali. Unaona safu ya mbele na kwotabeki tu. Hukumu yoyote iliyotolewa mechi ikiendelea ni ya kubahatisha. Subiri video ya makocha inayopigwa kutoka juu ikiwaonyesha wachezaji wote 22, ambayo ligi huiuza kwa usajili, au angalau marudio ya pembe ya nyuma. Pili, watu husimamisha picha wakati usiofaa. Mpira ukishatoka, mabeki wote hugeuka kuukimbilia, na yule mpokeaji wa mbali anabaki peke yake. Picha hiyo ndiyo inayosambazwa mitandaoni kila Jumatatu, na haina maana yoyote. Simamisha pale mguu wa mbele wa kwotabeki unapokanyaga kuanza kurusha. Kama wakati huo beki wa karibu yuko zaidi ya yadi 2 kutoka kwa mpokeaji, na mpokeaji yuko upande ambao kwotabeki alikuwa anautazama, basi alikuwa wazi. Mpokeaji wa upande wa pili wa uwanja usimhesabu; hakuna binadamu anayesoma uwanja mzima ndani ya sekunde 2.5.

Pasi ya uoga, kwa kipimo hiki, ni ile yenye masharti yote manne: hakuna presha, macho yalianza mbali, mpira umeishia nyuma ya mstari wa njano, na mtu wazi alikuwepo mbele yake. Moja kwa mechi ni kawaida hata kwa walio bora. Tatu au zaidi, mechi nne mfululizo, hapo una kesi. Usihukumu kwa mechi moja: hali za dauni ya 3 ndefu huwa chache, na upepo mmoja wa Desemba unaweza kuharibu zote.

Kuna za kusamehe moja kwa moja. Dauni ya 3 na yadi 18 ukiwa kwenye yadi ya 12 ya kwako mwenyewe, pasi fupi na panti ni akili timamu. Vilevile tazama kinachofuata: kama ushambuliaji unabaki uwanjani kucheza dauni ya 4 na yadi 2, ile pasi ya yadi 7 ilikuwa nusu ya mpango wa dauni mbili. Makocha wa sasa hufanya hivyo mara nyingi kuliko wa zamani.

Hesabu masefti kabla ya kumlaumu

Kabla mpira haujaanzishwa, tazama masefti, yaani mabeki wa mwisho kabisa, yadi 12 hadi 15 nyuma. Akiwepo mmoja katikati, wapokeaji wa pembeni wamebaki ana kwa ana na mabeki wao, na kwotabeki anayekataa kuwajaribu mechi nzima ana maswali ya kujibu. Wakiwepo wawili, na wanaomkimbilia ni wanne tu, basi saba wamerudi nyuma na pasi fupi ndiyo waliyomwachia. Ulinzi wa aina hii umeenea sana NFL katika miaka ya 2020, mahususi kwa ajili ya kuwachosha makwotabeki wanaopenda mpira mrefu. Dhidi yake, kumpigia kelele mkongwe kwa sababu ya pasi ya yadi 5 kwenye dauni ya 1 ni kama kumzomea kiungo anayerudisha mpira kwa beki wakati wapinzani wote kumi na mmoja wamejazana kwenye boksi lao.

Hata hivyo masefti wawili wana mianya miwili inayojulikana: katikati yao, na ule upenyo wa pembeni yadi 15 hadi 20, juu ya beki wa kona na chini ya sefti. Mwanya wa pembeni hufunguka kwa muda mfupi mno na unataka mpira wa kasi. Ukiona mkongwe anautazama, anajiandaa, kisha anarudisha mkono, rudia picha hiyo mara kadhaa. Mara nyingi si moyo uliogoma.

Mkono au moyo?

Kipimo kizuri zaidi ni pasi ya kukata nje kuelekea mstari wa mbali. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. Mpira ukianzia kwenye alama za kushoto, kati ya zile za katikati ya uwanja ambako mchezo huanzishwa, na mpokeaji akikata kwenda kulia yadi 12 mbele, kwotabeki aliye yadi 7 nyuma ya mstari anahitaji kuurusha karibu yadi 34 hewani ili kupata hizo 12. Ukichelewa kidogo, beki anaunasa na mbele yake hakuna mtu. Mkono ukianza kufa, pasi hii ndiyo ya kwanza kutoweka. Mpira mrefu wa juu kando ya mstari wa karibu unaweza kubaki kwa miaka, kwa sababu unategemea upinde na muda kuliko kasi, usikuhadae.

Ben Roethlisberger wa Pittsburgh Steelers alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2019. Msimu wa 2020 alirudi akiachia mpira haraka kuliko karibu kila mtu kwenye ligi, fupi fupi, na timu ikashinda mechi 11 za kwanza. Kisha wapinzani wakasogea mbele kubana zile njia fupi. Steelers walipoteza nne kati ya tano za mwisho, na kwenye mtoano wakafungwa 48-37 na Cleveland Browns, Roethlisberger akinaswa pasi 4. Hapo ndipo gharama ya kweli ya pasi fupi ilipo: inafanya kazi mpaka wapinzani wasiogope tena kilicho nyuma yao.

Drew Brees wa New Orleans Saints alimaliza kwa sura hiyo hiyo. Mtoano wa Januari 2021 dhidi ya Tampa Bay Buccaneers alipata yadi 134 tu na kunaswa mara 3, Saints wakalala 30-20. Tachdauni ya yadi 56 ya siku hiyo haikutoka mkononi mwake; ilirushwa na Jameis Winston, mchezaji wa akiba aliyeingizwa kwa ajili ya mchezo huo mmoja wa hila. Kocha anapomtoa kwotabeki wake ili mpira mrefu urushwe, amekwishakujibu swali lako. Brees alikuwa amevunjika mbavu kadhaa msimu huo, kwa hiyo kumwita mwoga ni kumwonea. Na usikimbilie umri: aliyekuwa upande wa pili, Tom Brady, alikuwa na miaka 43, akarusha tachdauni 40 msimu huo wa kawaida na kuchukua ubingwa.

Alex Smith, na kwa nini wakosoaji na watetezi wake wote walikuwa sahihi

Aliyegawa mashabiki kuliko wote ni Alex Smith, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, 2013 hadi 2017. Waandishi wa takwimu walifika hadi kuunda kipimo cha pasi za dauni ya 3 dhidi ya mstari na kukipa herufi zinazosomeka ALEX. Mwaka 2014 Chiefs walimaliza msimu mzima bila tachdauni hata moja ya pasi kwa mpokeaji wa pembeni. Januari 2017 walitolewa kwenye mtoano 18-16 na Steelers ambao hawakuingiza tachdauni yoyote. Mateke sita ya pointi 3 yalitosha.

Watetezi wake wana karatasi nzuri pia. Timu iliingia mtoano misimu minne kati ya mitano. Mwaka 2014 wapokeaji wake walikuwa dhaifu. Alipopata Tyreek Hill, mpokeaji mwenye mbio za ajabu, msimu wa 2017 akarusha mbali na kuongoza ligi nzima kwa alama, 104.7, yadi 4,042, tachdauni 26, zilizonaswa 5. Mtu yule yule, mkono ule ule.

Halafu 2018 nafasi yake akaingia Patrick Mahomes. Kocha Andy Reid hakubadilika, wapokeaji Hill na Travis Kelce walikuwepo. Tachdauni 50, yadi 5,097. Hiyo ndiyo namba inayoumiza, kwa sababu inaonyesha kiasi kilichokuwa kikiachwa mezani hata katika mwaka bora wa Smith. Mchezaji mwangalifu haonekani akipoteza mechi. Anazipunguzia timu nafasi kidogo kidogo, na zile panti hazina jina lake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa una dauni nne tu za kukijaza.

Kwa upande wa pili, pasi ndefu inayonaswa yadi 40 mbele kwenye dauni ya 3 si msiba kama inavyoandikwa. Wapinzani wanaanzia karibu pale pale ambapo panti ingewaweka. Mkongwe anayeamini heri nusu shari kuliko shari kamili huwa amesahau hesabu hiyo, na katika daftari lako iandike kama panti, si kama kosa.

Dakika nne za mwisho

Timu ikiwa nyuma kwa pointi 9 au zaidi, inahitaji kupata mpira mara mbili, kwa sababu zamu moja haitoi zaidi ya 8. Hapa pasi fupi katikati ya uwanja ina bei mara mbili: yadi ni chache na saa haisimami. Hata timu inayokimbizana hutumia sekunde 15 hadi 20 kujipanga upya. Isiyokimbizana inaweza kumaliza karibu 40. Ulinzi unarudi nyuma makusudi na kukupa hizo yadi 5, kwa furaha. Andika kila pasi iliyoishia ndani ya uwanja, na sekunde zilizokufa baada yake. Kwotabeki anayetoka na yadi 80 na pointi 3 katika zamu ya dakika nne atakuwa na takwimu tamu na mechi iliyopotea. Katika eneo hili tunapendekeza usimsamehe hata mbele ya masefti wawili, isipokuwa presha ilikuwepo au mpokeaji alitoka nje ya mstari na kusimamisha saa.

Kwa anayetazama kutoka Afrika Mashariki

Mechi za Jumapili za saa saba mchana za pwani ya mashariki ya Marekani huanza saa 2 usiku kwetu, na saa 3 usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Za alasiri ni saa 5:25 usiku, kisha 6:25. Ile ya usiku wao huangukia saa 9:20, baadaye 10:20 alfajiri, na daftari lililojazwa saa hizo lina makosa mengi ya sekunde. Hiyo iache. Jaza kutoka kwenye marudio siku inayofuata, na mechi za upepo mkali au theluji zipe ukurasa wake, maana pasi fupi za siku hizo hazikuambii chochote kuhusu moyo wa mtu.